Mzee Anselmo Hafi Alhamisi

Siku ya Jumatano Kathini hakuwa mtu wa kutumwa. Umwombe chumvi, umwombe kiberiti, umwambie nyumba yako inawaka moto. Ikishafika saa moja na nusu jioni, jibu lako ni kiganja kilichoinuliwa na macho yasiyokuangalia. Muli, mumewe wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshazoea. Jumatano alijipakulia chakula mwenyewe, akaenda kukila mlangoni, mgongo kwenye fremu, akidai kwamba anapunga upepo. Upepo gani huo unaopungwa huku shingo imepindishwa kuelekea televisheni, hilo hakuna aliyemwuliza.

Chanzo cha yote ni tamthilia moja ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili, *Mji wa Vitu Vinavyopotea*. Midomo ya waigizaji ilimaliza kusema kabla maneno hayajaisha, lakini Kathini hilo lilimhusu nini? Katika mji huo hakuna benki inayovunjwa wala mtu anayepigwa risasi. Vinavyoibwa ni vitu vya kichekesho: viatu vya mguu wa kushoto vya watu wote waliohudhuria arusi, au herufi moja katika kila kibao cha duka. Mpelelezi wao ni mwoka mikate, Madamu Rozeta, mama mnene wa kupendeza anayeendesha baiskeli ya magurudumu matatu, na msaidizi wake ni bata bukini anayeitwa Jenerali. Na fumbo kubwa, lililoanza kipindi cha kwanza na kuahidiwa kufumbuliwa cha mwisho, ni hili: nani aliyeiba mishale ya saa kubwa ya mnara? Iling'olewa yote miwili, na tangu hapo mji mzima haujui saa. Watu wanakula cha mchana wakisikia njaa, na treni inaondoka dereva akijisikia.

Kathini hakuwa mtazamaji, alikuwa mmoja wao. "Mwangalie huyo! Mwangalie mkono! Kaficha kitu kwenye soksi! Rozeta, geuka, mama, geuka, aki ya Mungu si ugeuke!" Alisimama, akakaa, akasimama tena juu ya kochi. Kipindi cha viatu vya kushoto alirusha mwiko ukamkosa paka kwa unywele. Kipindi cha nne, kinyozi Fausto alipokutwa na saa mfukoni isiyo na mishale, alipiga ukelele mpaka jirani wa tatu akaja na panga kuuliza kuna nyoka wapi.

Huyu ni mtu wa miaka arobaini, mama wa watoto wawili walio shule ya bweni, muumini wa kanisa, mwenye bega moja lililoshuka kwa sababu ya kazi. Wazazi wake Wakamba waliteremka kutoka Machakos wakapewa shamba katika makazi ya Shimba Hills, naye akazaliwa huko, akaolewa kijijini Waa. Mwaka wa kumi na mmoja huu anapiga pasi katika hoteli moja ya Diani. Shuka mia mbili kwa siku, zote nyeupe, na hakuna hata moja iliyowahi kumwambia neno la kumfurahisha. Ukimwona Alhamisi asubuhi, ameshika pasi mkono mmoja na mkono wa pili unapaa hewani akiwasimulia wenziwe jinsi bata alivyoparamia ngazi, utaelewa kwamba huyu mtu wiki yake ina siku moja tu, na hizo nyingine sita ni za kuisubiri.

Vipindi viwili vya mwanzo hakuviangalia kwake. Aliviangalia nyumba ya pili, kwa Chirau na mkewe Mwanarusi, kwa kuwa televisheni yao ilikuwa kubwa na Bi Mwanarusi alikuwa shabiki wa kweli, wa kubishana naye. Chirau alikuwa fundi wa kuezeka makuti. Hoteli nyingi za pwani ile zilipita mikononi mwake. Hakujali mishale ya saa. Yeye alimpenda mtu mmoja tu katika tamthilia nzima, Mzee Anselmo, fundi wa miavuli, mzee aliyekaa kwenye benchi la stesheni akishona miavuli ya watu na kuona kila anayepita.

"Mtazameni anavyovuta uzi," Chirau alisema. "Huyu hakufundishwa kuigiza. Huyu ana kazi yake. Fundi mwenzangu huyu."

Siku mbili baada ya kipindi cha pili, Ijumaa tarehe tano Julai, wakati wa alasiri, Chirau alifariki barazani kwake. Hakuwa mgonjwa. Kesho yake asubuhi akazikwa, na Bi Mwanarusi, mwanamke wa miaka hamsini na mitano aliyekuwa hajui kukaa kitako dakika kumi, akaingia eda. Miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, bila manukato, bila hina, bila kutoka ila kwa dharura. Wifi yake Hafsa, dada mkubwa wa marehemu, akaja na begi lake kumshikia nyumba. Jambo la kwanza alilofanya Hafsa ni kuigeuza televisheni ikatazama ukuta na kuifunika leso. Hakusema kwamba dini imekataza. Alisema nyumba hii ina msiba, basi.

Alhamisi iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, Kathini alikwenda kumtazama jirani yake. Alimkuta chumbani amekaa mkekani, leso nyeupe kichwani, macho yamemvimba. Hafsa alikuwa amekwenda kwenye darasa la wanawake msikitini, kama kila Alhamisi.

"Shikamoo, Bi Mwanarusi. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa."

Kathini akatazama ukuta, akatazama vidole vyake. Maneno ya pole yalikuwa yameshamwishia tangu matangani. Ndipo Bi Mwanarusi aliposogea, akachungulia mlango, akashusha sauti.

"Kathini. Jana ilikuwaje?"

"Ilikuwaje nini?"

"Weye nawe! Ile."

Kathini alimwangalia, haamini masikio yake. Kisha akainuka. Akasimama katikati ya chumba cha eda, akabinua mikono nyuma, akanyoosha shingo, na kutembea kama Jenerali anavyotembea akiwa amenusa mwizi. Bi Mwanarusi alijiziba mdomo kwa ncha ya leso. Mabega yalimtikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Ijumaa, na machozi yalimtoka papo hapo, na hakuna aliyeweza kusema ni ya nini.

Basi ikawa ndiyo desturi. Jumatano Kathini anaangalia, Alhamisi anatoka kazini, anashuka stendi, hafiki hata kwake. Ananyoosha moja kwa moja kwa Bi Mwanarusi kabla Hafsa hajarudi darasani. Na kuangalia kwenyewe kulibadilika. Sasa alikuwa ange kwelikweli: rangi ya gauni la Rozeta, nani alikaa kushoto, mvua ilinyesha au haikunyesha, maana Bi Mwanarusi aliuliza yote. "Mlango ulikuwa wazi au umerudishwa?" "Umerudishwa." "Basi kinyozi muongo, angesikia vipi?" Kathini akajipiga paji la uso. Mtu yumo ndani, hajaona hata picha moja ya jana, na yuko mbele yake!

Kipindi cha nane, Jenerali alipandishwa kizimbani kutoa ushahidi, na hakimu akaandika kila mlio. Kathini alikicheza chote, hakimu yeye, bata yeye, wakili yeye. Bi Mwanarusi alilala chali mkekani akishika mbavu, akimwomba anyamaze jamani, atamuua. Siku hiyo ndipo alipokula vizuri. Hafsa mwenyewe alisema jioni uani, akimpa Kathini bakuli lake lililokuwa limebaki kule, "Sijui huwa mnaongea nini, lakini Alhamisi huyu mtu hula. Njoo tu."

Na kila Alhamisi swali la kwanza lilikuwa moja. Kabla ya mwizi, kabla ya mishale ya saa: "Mzee wetu hajambo?" Kathini alijua anayeulizwa ni Anselmo. Akijibu kwamba hajambo, kashona mwavuli wa padri leo, uso wa Bi Mwanarusi ulilegea, na hapo ndipo hadithi ilipoweza kuanza.

Kipindi cha kumi na mbili, Mzee Anselmo alikufa.

Hakuuawa. Alikufa tu, kwenye benchi lake la stesheni, mwavuli umefunguka mapajani. Kathini hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akashika tama, akalia kwa kwikwi mpaka Muli akaacha upepo wake na kuingia ndani.

"Kwani kumetokea nini?"

"Amekufa."

"Nani?"

"Anselmo!"

Muli alitazama televisheni, akamtazama mkewe. "Yule wa miavuli?" alisema, na sauti yake mwenyewe haikuwa sawa.

Usiku huo Kathini alilala macho wazi. Anselmo ni Anselmo, angelia akanyamaza. Ila kesho ni Alhamisi. Atamwambiaje mjane, aliyekaa na leso nyeupe, kwamba na yule fundi ambaye mumewe alimwita mwenzake naye amekwenda? Kazini aliunguza foronya mbili. Kaluki, anayepiga pasi meza ya pili, alimwambia amweleze tu, si ni mambo ya televisheni?

"Wewe humwoni anavyouliza," Kathini alisema. "Wewe hujamwona uso."

Alijikaza njia nzima. Alikuwa ameshayapanga maneno: Bi Mwanarusi, kaa vizuri, kuna jambo. Akaingia, akaamkia, akavuta mkeka.

"Mzee wetu hajambo?"

"Hajambo," alisema Kathini. "Ana mafua kidogo."

Ni hayo tu. Yalimtoka yenyewe, na yakishatoka nani ataweza kuyarudisha?

Sasa ndipo utakapomjua Kathini. Wiki iliyofuata ilibidi mafua yapone. Wiki ya pili ilimbidi Anselmo afanye kitu, maana mzee mzima hawezi kukaa tu anapona. Basi akamkamata mwizi wa kengele ya kanisa kwa mpini wa mwavuli, akamnasa shingoni, hivi! Bi Mwanarusi alipiga makofi. Wiki ya tatu mjane wa mwenye posta akamwandikia Anselmo barua yenye harufu ya limau. Wiki ya nne Anselmo akaijibu. Kathini alisimama mbele ya shuka zake akinong'ona peke yake, midomo ikichezacheza, na msimamizi alipopita alidhani anasali, akamheshimu. Jumatano alikuwa na kazi mbili: kuiangalia tamthilia yenyewe kwa roho juu, na papo hapo kutafuta mwanya wa kumpenyeza marehemu. Rozeta akiwa jikoni peke yake, Kathini anasema moyoni, hapo, hapo Anselmo anabisha hodi.

Na wacha niseme kweli, maana mimi simfichi mtu: za Kathini zilikuwa tamu kuliko zile zenyewe. Kaluki naye alianza kuomba asimuliwe zote mbili.

Hofu ya Kathini ilikuwa moja tu, siku ya kutoka eda. Bi Mwanarusi akitoka na kuiona tamthilia kwa macho yake, uongo wote umeanikwa juani. Ataonekana mtu gani? Mtu aliyemchezea mjane wiki tisa nzima, akamfanya mtoto mdogo. Wala Alhamisi hazitakuwapo tena, na Kathini alikuwa hajui jinsi ya kuishi wiki bila Alhamisi. Kwa hiyo alichukua kalenda ya ukutani, aliyopewa na duka la vifaa vya ujenzi, akahesabu. Tarehe tano Julai, miezi minne, tano Novemba. Siku kumi, kumi na tano Novemba. Akaizungushia kalamu nyekundu. Kisha akahesabu vipindi, na kipindi cha mwisho kikaangukia Jumatano tarehe kumi na tatu.

Siku mbili kabla! Kathini alirukaruka mbele ya kalenda. Jumatano mwisho wa tamthilia, Alhamisi anamsimulia Bi Mwanarusi mwisho wake, Anselmo anapanda treni na mjane wa posta kwenda kuishi pwani, wanapunga mikono, kwaheri, Ijumaa eda imekwisha na tamthilia imekwisha. Hakuna shahidi.

Jumatatu tarehe kumi na moja alishuka stendi jioni, akapita kando ya nyumba ya Bi Mwanarusi, akasikia udi. Si harufu ya kubahatisha. Udi wenyewe, wa sherehe. Uani kulikuwa na mikeka, wanawake wamejaa, sinia ya halua inazunguka. Na katikati, ameoga, amejitanda doti mpya ya leso yenye maua mekundu, amekaa Bi Mwanarusi anapokea mikono ya watu.

Kathini alishika nguzo ya ua.

"Karibu, mbona umesimama?" Hafsa alimwambia. "Tumemtoa eda leo."

"Leo? Si bado? Si Ijumaa?"

"Ijumaa ya nini?"

"Miezi minne na siku kumi. Mimi nimehesabu."

"Umehesabu kwa ipi?"

"Kwa kalenda."

Hafsa alicheka, na Hafsa hakuwa mtu wa kucheka ovyo. "Ile ya ukutani? Mwanangu, eda huhesabiwa kwa mwezi wa kuandama. Miezi yetu mifupi. Ungesubiri hiyo yako, ungemweka mwenzio ndani siku za bure."

Bi Mwanarusi alikuwa ameshamwona. Akamwita, akamkumbatia mbele ya watu wote, akamtia mdomo sikioni. "Hafsa anakaa mpaka mwisho wa wiki, na televisheni bado kaifunika. Jumatano nakuja kwako. Mie na weye. Nimwone mzee wangu kwa macho."

Siku mbili hizo Kathini alitokwa na kijasho chembamba hata akiwa kwenye feni. Alimwomba Mungu umeme upotee Kwale nzima. Alifikiria kuugua. Jumanne alimwendea Muli.

"Nikuombe kitu. Kesho jioni panda juu, uharibu antena."

"Niharibu antena yangu? Kesho?"

"Kidogo tu."

"Kathini, tafadhali," Muli alisema, akasahau kabisa heshima yake ya mlangoni. "Miezi mitano nimesimama hapo! Kesho ndiyo wanamtaja aliyeiba mishale, wewe unaniambia antena?"

Basi, Jumatano ikafika. Umeme ulikuwapo, antena iko imara, anga halina hata wingu. Saa moja na robo Bi Mwanarusi alipiga hodi, na sahani ya vitumbua mkononi, na wanja machoni, anameta kama bi arusi. Alikaa katikati ya kochi. Alisugua viganja vyake. "Weye, mbona huongei? Siku zote husikika mpaka kwangu!"

"Koo," alisema Kathini.

Muziki ukaanza. Mji mzima ulikuwa umekusanyika uwanjani chini ya mnara, na Madamu Rozeta amesimama juu ya pipa, Jenerali kwapani. Mbele yake kisanduku kimefunikwa kitambaa. Mlangoni Muli aliacha kutafuna. Mioyo yote mitatu mle ndani ilikuwa inadunda, ila mmoja ulidunda kwa sababu nyingine.

"Anselmo yuko wapi?" aliuliza Bi Mwanarusi.

"Ngoja kidogo."

"Mjane wa posta ndiye yupi? Yule? Mbona yuko peke yake?"

"Ngoja, Bi Mwanarusi."

Kamera ikapita juu ya watu. Safu ya mbele palikuwa na kiti kimoja kitupu, na juu ya kiti mwavuli mweusi. Rozeta akautazama. "Laiti Anselmo angekuwa hai," alisema, na midomo yake ilikuwa imeshafumba, "angekuwa wa kwanza kuujua ukweli huu."

Bi Mwanarusi aligeuka polepole. Muli alimwona uso, akaweka sahani chini, akaondoka zake kwenda nyuma ya nyumba.

"Alikufa lini?"

"Septemba," alisema Kathini. "Kipindi cha kumi na mbili."

"Na yule aliyemnasa mwizi wa kengele?"

"Mimi."

"Barua ya limau?"

"Mimi. Yote mimi, Bi Mwanarusi. Nisamehe. Ulikuwa umekaa pale na leso nyeupe, ukaniuliza hajambo, nikashindwa. Nilikuwa nakuonea huruma. Wallahi sikutaka kukuchezea."

Maskini, hata kiapo kilimtoka cha Kiislamu. Bi Mwanarusi hakucheka. Alikuwa amekunja ngumi juu ya mapaja.

"Nilimfumba Chirau macho kwa vidole hivi," alisema. "Hivi hapa. Kisha miezi minne mnanificha mauti, nyote, kana kwamba yako kwenu na mie sijapata kuyaona! Nikifungua mdomo tu, Hafsa ananiambia nyamaza, utajitia maradhi. Wanaokuja wananiambia nimshukuru Mungu. Namshukuru! Nani kasema simshukuru? Lakini hakuna mtu mmoja aliyeniuliza ilikuwaje. Na weye nawe, niliyekuwa nakuamini, kumbe umo."

Machozi yalimjaa Kathini. Uwanjani Rozeta alikuwa amenyamazisha umati. Alikuwa amekishika kile kitambaa kwa vidole viwili, na muziki ulikuwa unapanda, unapanda.

"Nambie alivyokufa," alisema Bi Mwanarusi. "Vile vile alivyokufa. Usitie chumvi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Wiki ishirini na moja. Mwiko, paka, foronya zilizoungua, kalenda ya kalamu nyekundu, yote kwa ajili ya kile kilicho chini ya kitambaa. Kathini alitazama mara moja. Kisha akachukua rimoti, akaua sauti, akaigeuzia televisheni mgongo, na kukaa chini sakafuni akimwelekea Bi Mwanarusi.

Akamweleza. Kwamba ilikuwa mchana, jua kali, hakuna mvua. Kwamba Anselmo alikuwa amefungua mwavuli kuutazama kama umekaa sawa. Kwamba Rozeta alikuwa hapo naye, akaenda kumnunulia mkate mtamu dukani ng'ambo ya reli, na alikuwa anaongea na muuza duka, anacheka, wala hana haraka. Aliporudi, mzee alikuwa ameegemea benchi vile vile, na sindano bado iko kidoleni.

"Hakumwita?" aliuliza Bi Mwanarusi.

"Nani?"

"Anselmo. Hakumwita Rozeta kabla?"

"Hapana. Hakumwita. Alinyamaza tu."

Bi Mwanarusi alitikisa kichwa mara nyingi. Ngumi zilikuwa zimefunguka.

"Wangu aliniita," alisema. "Nilikuwa jikoni, nakuna nazi. Akaniita, Mwanarusi. Nikamwambia nakuja, namalizia nazi. Ilikuwa imebaki nusu kifuu, Kathini. Nusu kifuu tu. Ningeweza kuiacha."

Nyuma ya Kathini mwanga wa televisheni ulikuwa unabadilikabadilika ukutani, mwekundu, wa buluu, mweupe. Watu walikuwa wanashangilia kule bila sauti, au wanamkamata mtu. Halafu majina yakaanza kupanda. Muli alisikia kimya kimezidi, akashindwa kujizuia, akatokea mlangoni anahema.

"Enhe, nani? Ni kinyozi? Mbona mmeua sauti? Nani aliiba?"

"Sijui," alisema Kathini.

"Hujui? Wewe?"

"Nimesema sijui. Rudisha huo mlango, Muli."

Mlango ukarudishwa. Kathini akasogea karibu zaidi, akamshika Bi Mwanarusi mikono yote miwili.

"Ukamwambia unamalizia nazi," alisema. "Akakuita tena?"